Mfano wa kompyuta wa mtiririko wa damu katika moyo uliorekebishwa

Mfano wa kompyuta wa mtiririko wa damu ni hesabu inayokadiria damu ya mgonjwa mmoja inapita wapi, kwa kasi gani na kwa shinikizo kiasi gani. Katika magonjwa ya moyo ya kuzaliwa nayo, hesabu hiyo ina thamani ya pekee, kwa kuwa moyo uliofanyiwa upasuaji mara nyingi haugeuki kuwa wa kawaida. Hupewa njia mpya za damu, na umbo la njia hizo huathiri maisha ya mgonjwa kwa miaka mingi.

Chukua mtoto aliyezaliwa akiwa na chemba moja tu ya moyo inayoweza kusukuma damu ipasavyo. Damu yenye oksijeni na ile iliyokwisha kutumika huchanganyika, ndiyo maana midomo na kucha zake huwa na rangi ya buluu. Mwaka 1968, mjini Bordeaux, Ufaransa, daktari mpasuaji Francis Fontan alianza kuielekeza mapafuni damu inayorudi kutoka mwilini bila kuipitisha kwenye chemba ya kulia. Siku hizi upasuaji huo hufanywa kwa hatua, na mwishowe vena kuu ya juu na ya chini, yaani mishipa mikubwa inayorudisha damu kutoka mwilini, huunganishwa na ateri za mapafu, mishipa inayoipeleka damu mapafuni. Chemba iliyopo huisukuma damu mwilini. Kuelekea mapafuni hakuna pampu.

Damu hiyo hutegemea shinikizo la vena, ambalo kwa wagonjwa hawa mara nyingi huwa kati ya milimita 10 na 15 za zebaki, kwa hiyo hata nguvu kidogo ikipotea kwenye maungio ni hasara. Vena hizo mbili zikishonwa zikitazamana, mikondo yake hugongana na damu huzunguka pale pale badala ya kwenda mbele. Katika miaka ya 1990, daktari mpasuaji Marc de Leval wa London, pamoja na wahandisi wa Milano, walilinganisha maungio ya maumbo mbalimbali kwa kompyuta, wakaona kwamba kuisogeza vena moja kando kidogo hupunguza hasara hiyo. Kwangu mimi, hapo ndipo hesabu ilipoanza kumshauri mpasuaji mahali pa kushona.

Kazi huanza na picha za MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, ambazo kutokana nazo mishipa ya mtoto huchorwa upya katika kompyuta. Nafasi ya ndani hugawanywa vipande vidogo mno, mara nyingi mamilioni, kisha milinganyo ya Navier na Stokes, yaani kanuni za mwendo za Newton zikitumika kwa vimiminika, hukokotolewa katika kila kipande, tena na tena, kwa kila sehemu ndogo ya muda wa mpigo wa moyo. Mhandisi lazima pia aieleze kompyuta damu inaingia kwa kiasi gani na mapafu yanaikinza vipi. Akikosea hapo, picha hutoka na rangi za kupendeza lakini jibu si la mtoto yule.

Mfano huo hufuatilia pia damu itokayo kwenye ini, ambayo hubeba kitu kinachohitajiwa na mapafu. Pafu lisiloipata huota njia za mkato kati ya ateri na vena, damu ikapita bila kuchukua oksijeni, na mtoto aliyekwisha kupona ubuluu akaurudia. Mpasuaji anaweza kujaribu katika kompyuta mrija wa kuunganisha vena ya chini na ateri za mapafu, ulionyooka au wenye umbo la Y, akaona damu ya ini inagawanyika vipi kati ya pafu la kulia na la kushoto, kabla hajagusa kisu.

Hata hivyo, mtoto hupigwa picha akiwa amelala, na maungio yanayotosha akiwa ametulia yanaweza kubana anapopanda ngazi, kwa sababu damu inayorudi kutoka miguuni huongezeka sana. Kwa hiyo hesabu ya uangalifu hurudiwa kwa kiasi cha damu cha mtoto anayecheza, na maungio huchaguliwa kwa kutazama majibu yote mawili.