Poka ya stadi: karata tatu za mwanzo zinatosha kuamua

Wakalishe watu wanane mezani, kila mmoja agawiwe karata saba. Jumla ni karata 56, na pakiti ina 52 tu. Hata hivyo poka ya karata saba, iitwayo stadi, huchezwa na watu hadi wanane, kwa sababu mchezo wenyewe unategemea kwamba baadhi yao watajitoa mapema. Sisi tunaofundisha hesabu za uwezekano huanza na jambo hili, maana mchezaji mgeni hudhani kujitoa ni woga.

Mwanzoni unapata karata mbili za kufunika na moja ya wazi. Karata tatu zinaweza kukuangukia kwa namna 22,100. Kati ya hizo, zenye jozi ni 3,744, kama 17 katika kila 100; tatu za namba moja ni 52 pekee. Basi mara nyingi utajikuta na mfalme, saba na tatu, hazina undugu wowote. Ziweke chini. Umepoteza dau la kiingilio tu.

Kinachowaponza watu ni karata zinazovutia. Una jozi ya nane: mbili nyingine ziko wapi? Ukiziona zote wazi mbele ya wenzako, jozi yako haitakua kuwa tatu hata ungojee vipi. Na anayejitoa hufunika karata zake, kwa hiyo ulizoziona uzikumbuke (hapa ndipo wengi wetu hushindwa).

Kituo cha pili cha kujiuliza ni karata ya tano. Katika michezo ya dau lenye kikomo, kuanzia hapo dau huwa maradufu. Utamsikia mtu akisema, “Nimeshaweka nyingi, siwezi kuziacha.” Kete (vidude vinavyowakilisha pesa za dau) alizosukuma katikati si zake tena, swali ni hizi anazotaka kuongeza.

Tuseme umefika karata ya sita na una kopa nne, unangoja ya tano, maana karata tano za aina moja ni mkono wenye nguvu. Mezani pana kete 60, na kubaki kunagharimu 10. Karata za wenzako ulizoziona ni kumi, tano kati yake ni kopa. Zimebaki kopa 4 katika karata 36 usizoziona: nafasi moja kati ya tisa. Ukilipa mara tisa katika hali kama hiyo, kwa wastani utakosa mara nane na kupoteza kete 80, kisha upate mara moja kete 60, tena ikiwa hakuna mwenye karata kubwa zaidi. Aliyetazama karata zake mwenyewe tu atahesabu kopa 9 katika karata 46, karibu moja kati ya tano, na atalipa bila wasiwasi.