Ukoo wa Kiskoti: maneno ya dukani na maneno ya daftari

Sebuleni kwa mama mkwe wangu, Dundee, kuna kibao cha mbao chenye picha ya simba na upanga, na chini yake jina la ukoo. Alikinunua Edinburgh kwenye duka la watalii, zamani kabla mimi sijatoka Tanga. Miaka yote hiyo amekuwa akiwaambia wageni kuwa hiyo ndiyo nembo ya familia yao. Nilipoanza kumsaidia kutafuta nasaba yake, kibao ndicho kilichokuwa cha kwanza kushindwa kesi.

Uskoti hakuna nembo ya familia. Nembo ni mali ya mtu mmoja aliyepewa kwa hati, naye humwachia mrithi wake. Msimamizi wa mambo hayo ni ofisa anayeitwa Lord Lyon, ana mahakama yake Edinburgh, na nembo huandikwa kwenye daftari la umma lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1672. Kujitwalia nembo ya mwingine ni kosa la kisheria. Mtu wa kawaida wa ukoo anaruhusiwa kuvaa beji yenye alama ya chifu iliyozungushiwa mkanda, kuonyesha kwamba yeye ni mfuasi. Kibao bado kiko ukutani. Mwenyewe anasema simba wake hana hatia.

"Jina letu ni la chifu, basi sisi ni damu ya chifu"

Watu walichukua jina la chifu kwa sababu waliishi kwenye ardhi yake, au walitaka ulinzi wake, au walikuwa wapangaji tu. Jina lilikuwa kivuli cha kukaa chini yake. Wengine waliliacha jina lao kwa kulazimishwa. Mwaka 1603 Mfalme James VI alipiga marufuku jina la MacGregor, na aliyeendelea kulitumia alihatarisha roho yake. Wakajiita Campbell, Drummond, Murray, Graham, chochote kilichokuwa salama. Marufuku iliondolewa 1661, ikarudishwa 1693, ikafutwa kabisa 1774. Kwa hiyo Drummond uliyenaye kwenye karatasi anaweza kuwa MacGregor aliyejificha, na MacGregor wa leo anaweza kuwa na babu ambaye hakuwahi kumwona chifu hata kwa mbali.

Kuna sehemu majina ya ukoo yenyewe yalichelewa. Visiwani Shetland, hadi ndani ya karne ya 19, mtoto aliweza kuitwa kwa jina la kwanza la baba yake: kaka ni Magnusson, dada ni Magnusdaughter, na watoto wa kaka nao wana jina jingine. Msomaji wa pwani haelezwi zaidi ya hapo. Ali Juma babake ni Juma Hamisi, na hakuna anayeshangaa.

Lile la kwamba Mac ni Mskoti na Mc ni Mwairishi lifutwe tu. Yote mawili ni neno moja la Kigaeli lenye maana ya "mwana wa", na karani yule yule aliandika hivi Jumatatu na vile Jumanne. Na vitambaa vya mirabamiraba, yaani tartan, vinavyosemwa kila ukoo una chake? Vingi vilipachikwa majina ya koo kwa wingi katika karne ya 19, hasa baada ya Mfalme George IV kuzuru Edinburgh mwaka 1822 na kila mkubwa kutaka aonekane ana cha kwake. Vaa unachokipenda, lakini usikitumie kama ushahidi.

"Mwanamke akishaolewa, hapatikani tena"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu inawafanya watu waache nusu ya ukoo wao njiani. Imetoka Uingereza, ambako mke alimezwa na jina la mumewe, na wenye asili ya Uskoti huko Kanada na Australia wakaibeba bila kuuliza.

Katika sheria ya Uskoti mwanamke hakupoteza jina la baba yake kwa kuolewa. Kwenye karatasi za serikali na za mahakama ameandikwa kwa jina lake, na la mume likiongezwa pembeni. Kwenye mawe ya makaburi ni hivyo hivyo: juu mume, chini yake "na mkewe", kisha jina alilozaliwa nalo. Mimi niliyeolewa Dundee na bado naitwa kwa jina la baba yangu nilijiona niko nyumbani. Posta ndio bado hawajaelewa.

Usajili wa serikali ulianza Uskoti tarehe 1 Januari 1855, miaka 18 baada ya Uingereza na Wales. Walichelewa, lakini waliuliza maswali ya maana. Cheti cha ndoa kinataja wazazi wote wanne wa bwana na bibi harusi, na akina mama wametajwa kwa majina yao ya kuzaliwa. Uingereza na Wales hawakuweka mama kwenye cheti cha ndoa hadi mwaka 2021. Cheti cha kifo nacho kinataja baba na mama wa marehemu. Karatasi moja, vizazi viwili.

Mwaka huo wa kwanza, 1855, ni wa pekee. Waliotunga fomu walikuwa na tamaa, wakauliza kila kitu, halafu makarani wakalalamika na kuanzia 1856 maswali yakapunguzwa. Ukimpata ndugu aliyezaliwa, kuoa au kufa mwaka 1855, umeokota dodo chini ya mwarobaini.

Sisi tuliliokota. Mmoja wa mabibi wa mbali wa mama mkwe alifia Dundee mwaka huo. Mwandiko umelala upande wa kulia, wino umekuwa wa kahawia. Jina lake, kazi yake ya kitani, umri. Mahali alipozaliwa: parishi moja ya Perthshire, ambayo hakuna mtu katika familia aliyewahi kuitaja. Baba yake mfumaji, mama yake kwa jina lake kamili. Halafu safu ya watoto, wameandikwa kwa kubanwa mpaka mstari unapanda juu ya mwenzake: tisa, kila mmoja na umri wake, na wanne kati yao wameandikwa kuwa wamekufa. Mwisho, aliyetoa habari ni mwanawe, na mahali pa sahihi kuna alama ya X na maneno ya karani kuthibitisha kwamba ni yake. Mama mkwe aliiangalia ile X kwa muda mrefu, kisha akaenda kuweka birika.

Tahadhari moja. Cheti cha kifo kina ukweli kadiri ya ufahamu wa aliyesimama mbele ya karani. Mwana anamjua mama yake vizuri, lakini bibi yake aliyekufa kabla hajazaliwa anamjua kwa kusikia. Jina la mama wa marehemu likipingana na la cheti cha ndoa, uamini cha ndoa, maana hapo alisema mwenyewe.

"Binamu wa Kanada ameshaukamilisha mti wote mtandaoni"

Kweli alikuwa ameukamilisha. Kwenye mti wake, bibi yule yule alizaliwa Fife, kaunti nyingine kabisa. Alikuta ubatizo wa msichana mwenye jina linalofanana, mwaka unaokaribiana, akamwunganisha, na watu wengine wakanakili. Kosa likawa na mashahidi wengi, wote wameambiana.

Kufanana majina Uskoti si hoja. Watoto walipewa majina ya mababu na mabibi kama kwetu: mara nyingi kifungua mimba wa kiume alipewa la baba wa baba yake, wa pili la baba wa mama, na wasichana wakaanzia kwa mama wa mama. Utaratibu huo unasaidia kubahatisha, lakini si sheria, na matokeo yake ni binamu sita wa rika moja kwenye kijiji kimoja wenye jina moja. Halafu majina yenyewe yanageuka. Janet ni Jessie. Jean ni Jane. Elspeth ni Elizabeth. Peter ni Patrick. Nyanda za juu, kwa Wagaeli, Donald anaandikwa Daniel na Oighrig anakuwa Effie au Euphemia, kutegemea karani aliamkaje. Anayetafuta tahajia moja tu atarudi mikono mitupu.

Sensa nazo zina mitego. Ya 1841 ilishusha umri wa watu wazima hadi namba ya tano iliyo chini, hivyo mwenye "25" anaweza kuwa na 29. Haikusema nani ni mke wala nani ni mtoto, na mahali pa kuzaliwa ilitaka kujua tu kama ni kaunti hiyo hiyo au la, na kama ni nje ya Uskoti. Kuanzia 1851 mambo yananyooka.

"Siku hizi kila kitu kiko mtandaoni, tena bure"

Vingi vipo. ScotlandsPeople, tovuti ya serikali, inakuruhusu kutafuta kwenye faharasa bila malipo. Ukitaka kuiona picha ya daftari lenyewe unalipia kwa salio unalonunua mapema, kama vocha ya simu. Tovuti kubwa za kibiashara zina maandishi yaliyonakiliwa ya sensa za Uskoti, lakini picha za vyeti hazipo huko. Na mtu akinakili vibaya, huwezi kumkosoa bila kuiona picha.

Picha zenyewe zina mipaka ya faragha: kuzaliwa hufungwa miaka 100, ndoa 75, vifo 50. Vya karibu zaidi unavisoma ukifika Edinburgh, General Register House, au katika vituo vya Glasgow, Inverness, Kilmarnock, Hawick na Alloa. Unalipia siku na kupekua upendavyo, na kwa mwenye orodha ndefu hiyo ni nafuu kuliko salio.

Kuna mambo hayajawahi kupanda mtandaoni, nayo ndiyo yanayompa babu sura. Kwenye hifadhi ya jiji la Glasgow, ndani ya Maktaba ya Mitchell, zimo fomu za maskini walioomba msaada baada ya sheria ya 1845. Mkaguzi aliandika kila kitu: anaishi ghorofa ya ngapi, mume yuko wapi, watoto wangapi, wazazi wake ni nani na wametoka parishi gani. Vyama vya nasaba vya mikoa vimesoma mawe ya makaburi moja moja, mengine sasa hayasomeki tena. Mkutubi wa mji mdogo anaweza kukuonyesha kwa dakika kumi kitu ambacho ungekitafuta mwaka mzima. Umwandikie kwa adabu na umpe tarehe, usimwambie "nataka habari zote za ukoo wetu".

"Hakuna ndoa kanisani, basi hawakuoana"

Kabla ya 1855 tunategemea madaftari ya Kanisa la Uskoti. La zamani kuliko yote ni la Errol, Perthshire, la mwaka 1553. Lakini parishi nyingi zilianza baadaye sana, zina mapengo, na watu wa madhehebu mengine mara nyingi hawamo. Kati ya 1783 na 1794 kulikuwa na kodi ya peni tatu kwa kila jina, na wapo waliokwepa kwa kutosajili. Hata kinachoitwa ndoa humo mara nyingi ni tangazo la ndoa tu, linaweza kuwa limesomwa parishi mbili, na harusi yenyewe haikuandikwa.

Na kubwa zaidi: sheria ya Uskoti ilitosheka na kauli. Mwanamume na mwanamke wakikubali kwa hiari yao kuwa mume na mke, wameoana, bila mchungaji. Ndiyo iliyowafanya vijana wa Uingereza wakimbilie Gretna Green, kijiji cha mpakani upande wa Uskoti, na njia hiyo ilifungwa mwaka 1940 tu. Kanisa liliwakasirikia wenye ndoa hizo, likawatoza faini, na faini hiyo ndiyo ushahidi wako.

Inaandikwa wapi? Kwenye kumbukumbu za baraza la wazee wa kanisa. Wasomaji wa Kenya waliolelewa PCEA, kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, wanalijua baraza hilo. Lililetwa na wamisionari wa Kiskoti, na jina la Thogoto kule Kikuyu ni matamshi ya "Scot". Karne ya 18 wazee walimwita msichana mwenye mimba, wakamuuliza baba ni nani, wakamwita mwanamume, akakana, wakamwita jirani. Yote yameandikwa, kisha Jumapili kadhaa za kukalia kigoda cha toba mbele ya watu. Ni usomaji wa kuumiza. Lakini mtoto anayesemwa "baba hajulikani" mara nyingi babake anajulikana hapo, na kurasa hizo sasa zinafunguliwa bure mtandaoni. Baada ya 1855 tazama pembeni mwa cheti: kukiwa na rejea ya daftari la masahihisho, huenda mama alishinda kesi mahakamani na baba akaandikwa kwa nguvu.

Kwa mwenye babu wa Kiskoti aliyefia Mombasa au Nairobi, usimtafute kwenye parishi yake ya utotoni. Jaribu mirathi. Aliyefia ng'ambo akaacha mali Uskoti, shauri lake lilipitia Edinburgh.

Mama mkwe sasa ana shauku nyingine. Sensa ya 1931 ya Uingereza iliteketea kwa moto mwaka 1942, na watu wengi wanadhani ya Uskoti iliungua pamoja nayo. Haikuungua, ilikuwa Edinburgh. Miaka 100 ikitimia itafunguliwa, na mama yake atakuwemo, msichana wa miaka sita. Ameshapiga hesabu ya umri atakaokuwa nao siku hiyo. Ameniambia nimwekee salio mapema.