Mbwa Hafui Nguo, Anaachia Soksi

Wiki hii nimeambiwa tena, na safari hii nimeshindwa kunyamaza, kwamba mbwa fulani “anaijua kabisa kazi ya kufua, ila ni mkaidi tu”, kwa kuwa jana alitia soksi ndani ya tenga na leo amekimbia nayo chini ya meza. Kama mkufunzi wa mbwa naomba nieleweke: mbwa hajui kufua. Anajua kwamba akiachia kitu juu ya tenga hupata kipande cha nyama, na kwamba akikimbia nacho humpata mtu mzima anayemfukuza huku akipiga kelele, mchezo ambao kwa mbwa wengi huishinda nyama.

Watu hudhani kubeba ndilo somo gumu. Kubeba mbwa wengi huzaliwa nako, hasa wa mbegu zilizoteuliwa vizazi na vizazi ili wamletee mwindaji ndege aliyepigwa. Kinachofundishwa ni kuachia. Ndiyo maana ninaanzia mwisho. Ninaketi sakafuni, tenga likiwa chini ya kidevu cha mbwa, ninampa soksi, na kinywa kikifunguka soksi ikaangukia ndani ninasema “ndiyo!” papo hapo, kisha nyama inafuata. Nikichelewa sekunde mbili tatu, nimemlipa kwa kunikodolea macho. Tenga husogezwa baadaye, hatua moja moja. Akikimbia, mpe mgongo. Lakini akianza kuimeza soksi, mbadilishie kwa nyama upesi, maana huziba utumbo. Sabuni na dawa za madoa zikae juu, hilo halina mjadala.

Hata hivyo, malipo hayaelezi kila kitu. Keller na Marian Breland, wakufunzi wa wanyama waliofanya kazi chini ya Skinner, mwanasaikolojia aliyechunguza jinsi malipo yanavyojenga tabia, waliandika mwaka 1961 kuhusu nguruwe waliofundishwa kubeba sarafu za mbao hadi kwenye kibweta. Baada ya wiki kadhaa wakaanza kuziangusha njiani na kuzifukua kwa pua, ingawa walikuwa na njaa na chakula kiliwangoja. Nami nina mbwa mzee ambaye, kila ninapofagia, huja kulala juu ya taka nilizokusanya. Hapati nyama wala karipio, na nikihamia chumba kingine naye huhama. Darasani ningesema analipwa kwa ukaribu. Nikiwa na ufagio mkononi maelezo hayo nayaona mepesi mno, basi nangoja ainuke mwenyewe.