Maji ya kunywa Arumeru: maswali tunayoulizwa mikutanoni

Kikundi chetu cha kujitolea huzunguka vijiji vya Arumeru, mkoani Arusha, kutoa elimu ya kulinda ubora wa maji. Maswali mengi tunayopokea yanachanganya vitu viwili visivyo na dawa moja: vijidudu na madini.

Maji nachemsha kila siku. Mbona wanangu wana meno ya kahawia?

Mama, endelea kuchemsha. Hivyo ndivyo unavyowakinga na kipindupindu, kuhara na homa ya matumbo. Ila rangi ile haitokani na vijidudu. Inaletwa na floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na kuyeyukia majini, na moto hauyaondoi. Maji yakipungua sufuriani kwa mvuke, madini yote yanabaki, kwa hiyo ukichemsha muda mrefu kuliko inavyohitajika unayazidisha makali. Yakishatokota kwa dakika moja inatosha. Kwa wanaoishi mlimani, juu ya mita 2,000, iwe dakika tatu.

Meno huathirika yakiwa bado yanajengeka ndani ya fizi, tangu uchanga hadi miaka minane hivi. Ndiyo maana mtu aliyehamia Usa River akiwa mtu mzima anabaki na meno yake meupe, wakati wanawe waliozaliwa hapa yanawabadilika. Mswaki hautoi rangi hiyo, hata usugue na mkaa. Daktari wa meno anaweza kuipunguza au kuifunika.

Kwa hiyo ni suala la sura tu?

Laiti ingekuwa hivyo. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuzunguka Meru viko visima na vijito vinavyokizidi mara kadhaa. Kunywa maji ya namna hiyo kwa miaka mingi kunaweza kuleta maumivu ya viungo na mgongo kukakamaa, na watoto wengine hupinda miguu. Miguu kupinda ina sababu nyingine pia, kama upungufu wa vitamini D, basi mtoto apelekwe kituo cha afya badala ya kuhukumiwa na majirani.

Kisima changu maji yake ni meupe na matamu. Si yako salama?

Floraidi haina rangi wala harufu, na visima viwili vya mtaa mmoja vinaweza kutofautiana sana. Dawa ni kupima maabara. Ulizeni mamlaka ya maji, au chombo cha watumia maji cha kijiji, na mdai kuonyeshwa matokeo ya kisima mnachochangia. Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi pale Ngurdoto.

Nikikuta imezidi, nifanyeje?

Anza na la bei nafuu: maji ya mvua. Masika, acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kinga, funika, na uyatenge kwa kunywa na kupikia tu. Kufulia na kuoga tumia ya kisima.

Mkaa wa mifupa ya ng'ombe nao huchuja floraidi, lakini lazima uchomwe kitaalamu kwenye tanuri. Ukiunguzwa vibaya maji yananuka, na ukishachoka usipobadilishwa hauchuji kitu. Msiuchome nyuma ya nyumba.

Magadi ya kulainisha makande na maharage yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Loweka maharage usiku kucha badala yake. Na mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama pekee miezi sita. Hata mama akinywa maji yenye floraidi, inayofika kwenye maziwa ni kidogo mno.

Kama madini yanatoka mlimani, kutunza mto kunasaidia nini?

Kunasaidia kwa yale tunayoyaongeza wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu kingo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni, lakini nyanya zinapandwa hadi ukingoni, na mabomba ya kupulizia dawa za wadudu yanasuuzwa kwenye mfereji ule ule ambao chini watu wanachota. Hapo kuchemsha hakusaidii, sumu haifi kwa moto. Suuza bomba shambani, mbali na maji, na maji hayo ya kusuuzia yanyunyizie kwenye mazao yale yale uliyotoka kupiga dawa.

Choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, tena upande wa chini wa mteremko.