Dokta, mbwa wangu anatetemeka

Kuanzia Juni mpaka Agosti simu yangu huanza kuita kabla sijanywa chai. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na miezi hiyo upepo wa alfajiri unakata masikio. Kule Kitulo, wilayani Makete, unaweza kuamka ukakuta jalidi imetanda juu ya nyasi kama chumvi. Swali huwa lile lile: "Dokta, mbwa anatetemeka, nimnunulie sweta?"

Nami huuliza kwanza: analala juu ya nini?

Mara nyingi ni sakafu ya saruji, au gunia lililolowa tangu manyunyu ya juzi. Hapo ndipo penye shida. Mbwa mzima, mwenye afya na manyoya makavu, baridi yetu anaiweza. Manyoya yanashika hewa, na hewa hiyo ndiyo blanketi lake. Yakilowa, blanketi limekwisha. Sweta lina kazi kwa mbwa mzee, mgonjwa au mwenye manyoya mafupi, lakini likilowa ni afadhali asivae kabisa.

Dawa ya sakafu huku kwetu ni karibu ya bure. Nenda kwenye mashine ya mbao, omba mabanzi, pigilia chaga ya kumwinua kutoka chini. Juu yake mwaga maranda au majani makavu ya ngano, mengi kiasi cha yeye kujifukia. Nguo kuukuu kwa mbwa wa nje sizipendi: zinanyonya maji na kwa ukungu wa Julai hazikauki. Banda liwe dogo, la kusimama, kugeuka na kujikunja, maana anayelipasha joto ni yeye mwenyewe. Mlango uupe upepo mgongo. Na kama umeezeka bati, lipapase kwa ndani alfajiri, utakuta limetoa jasho. Matone hayo yamemdondokea usiku kucha. Gongea mbao nyembamba chini yake. Jioni mwongezee ugali, kujipasha joto nako kunakula chakula.

Dawa ya kupe muogesheni saa nne asubuhi jua likiwaka, siyo jioni mtu akishatoka kazini.

Watoto wa mbwa ni habari nyingine. Msimu mmoja mama mmoja aliingia na boksi la sabuni. "Kamwene, dokta." Ndani walikuwemo wanne wa siku tatu, wawili wamepoa kama viazi vilivyotoka ardhini. Alikuwa ameshaanza kuwanywesha maziwa kwa bomba la sindano ili wapate nguvu. Alifanya kwa huruma, na karibu imuue mmoja. Mtoto akipoa, utumbo wake unasimama. Maziwa hayasagiki, yanakaa tumboni au yanapita njia isiyo yake na kuingia mapafuni. Joto kwanza, maziwa baadaye. Tena wa umri huo hata kutetemeka hajui bado, kwa hiyo usingoje akuonyeshe. Tulijaza maji ya moto kwenye chupa, tukazifunga kitenge, tukawalaza kando yake, taratibu, zaidi ya saa nzima. Kipimajoto kilipovuka 35 ndipo tulipowarudisha kwenye chuchu za mama yao. Watatu walipona.

Jiko la mkaa kwenye stoo iliyofungwa, hapana. Ile hewa yake isiyo na harufu inaua mbwa kama inavyoua watu.

Paka hujitafutia mwenyewe: jikoni karibu na mafiga, au juu ya injini ya gari lililozimwa sasa hivi. Gonga boneti kabla ya kuwasha. Akipiga chafya usimpe parasetamoli hata kipande. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo. Damu inageuka rangi ya kahawia, uso unavimba, anahema kwa shida.

Turudi kwa yule anayetetemeka. Huyo mwili wake bado unajitengenezea joto. Aliyetetemeka kisha akaacha, akalegea, ufizi ukapauka na masikio yakawa ya baridi, usimsubirishe jua litoke. Mfute mpaka akauke, mfunge blanketi, nipigie ukiwa njiani, hata kama ni saa tisa usiku.