Faida ya uwanja wa nyumbani: maana yake, na kwa nini timu isiyoshirikiana haiipati

Faida ya uwanja wa nyumbani ni ile ziada ya matokeo ambayo timu huipata ikicheza kwake, ikilinganishwa na inachopata ugenini dhidi ya wapinzani walewale. Kuipima si kazi ngumu: chukua pointi zilizovunwa nyumbani, gawanya kwa pointi zote za msimu, zidisha kwa 100. Kama uwanja usingekuwa na uzito wowote, timu za ligi zingekaribia asilimia 50 kwa jumla. Katika soka huwa zinazidi hapo.

Simba ya Tanzania walionyesha kiwango cha juu kabisa katika makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2018/19. Kwa Mkapa, uwanja wao wa nyumbani jijini Dar es Salaam, waliwafunga JS Saoura 3-0, Al Ahly 1-0 na AS Vita 2-1. Ugenini walifungwa 5-0 mara mbili, kisha 2-0. Pointi 9, zote za nyumbani, na zikawapeleka robo fainali. Mechi sita ni chache kutolea hukumu, lakini msemo wa "Kwa Mkapa hatoki mtu" haukuzuka hewani.

Faida hiyo inatoka wapi? Wengi hutaja mashabiki, na ni kweli, ila sehemu kubwa ya nguvu yao humpitia mwamuzi. Waamuzi waliojaribiwa kwa video, wengine wakisikia kelele za uwanja na wengine bila sauti, waliosikia kelele waliwahesabia wenyeji faulo chache zaidi. Mwaka 2020, Ujerumani iliporudi uwanjani bila watazamaji, ile tofauti ya kadi iliyokuwa ikiwaumiza wageni ilipungua sana, na ushindi wa wenyeji ukashuka. Kisha kuna safari: usingizi wa mapande, chakula kigeni, joto au baridi isiyozoeleka. Kuna pia uwanja wenyewe, kwa mfano nyasi bandia ambazo mpira hudunda na kukimbia tofauti. Mwinuko ni kisa cha peke yake: La Paz iko zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, na hapo Bolivia iliifunga Argentina 6-1 Aprili 2009.

Lakini kelele hazifungi bao. Zinampa mchezaji hamu ya kukimbia, na hamu hiyo isipopangwa huvunja umbo la timu. Mshambuliaji anakwenda kukaba peke yake, viungo wanabaki nyuma, na katikati panabaki pengo ambalo mgeni mwenye pasi mbili nzuri atalipitia. Ushirikiano maana yake ni kwamba wa kwanza akiondoka kukaba, wa pili anafunga njia ya pasi iliyo karibu, na mabeki wanapanda ili umbali kati ya mstari wa mbele na wa nyuma usivuke mita 30 hadi 35. Uwanja ukijaa, kuitana kwa sauti hakusaidii, kwa hiyo ishara za mikono na zamu za kukaba ziwe zimezoeleka mazoezini.

Adui wa ndani ni kutegeana. Mfaransa Maximilien Ringelmann aliwapima watu wakivuta kamba: walipofika wanane, kila mmoja alitoa takriban nusu ya nguvu aliyoitoa akiwa peke yake. Sehemu ya upungufu ni kutovuta kwa pamoja, sehemu ni kila mtu kudhani mwenzake atavuta. Dawa yake ni kazi yenye jina: beki fulani amkabe mshambuliaji fulani kwenye kona, kiungo fulani abaki nyuma tunaposhambulia.

Wakati wa hatari kuliko wote nyumbani ni mara tu baada ya kusawazisha, uwanja unapolipuka. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, mkondo wa kwanza jijini Dar es Salaam, 28 Mei 2023, Yanga ya Tanzania walisawazisha dakika ya 82 dhidi ya USM Alger ya Algeria. Dakika mbili baadaye wakafungwa la pili. Walishinda marudiano 1-0 kule Algiers, jumla ikawa 2-2, kombe likabaki Algeria kwa mabao ya ugenini: jumla ikilingana, aliyefunga mengi ugenini ndiye mshindi. Chini ya kanuni hiyo, bao unalofungwa kwako ni ghali kuliko unalokosa kufunga. Ndiyo maana sare ya 0-0 ya Simba na TP Mazembe jijini Dar es Salaam, mkondo wa kwanza wa ile robo fainali, Aprili 2019, haikuwa mbaya kama ilivyolalamikiwa: sare yoyote ya mabao kwenye marudiano Lubumbashi ingewavusha. Walifungwa 4-1.