Eneo tengefu la bahari ni nini hasa, na kwa nini nahodha hataki uondoke na makombe

Kuna siku tupo kwenye boti tunatoka Kunduchi kwenda kisiwa cha Mbudya hapo Dar, dada mmoja akamuuliza nahodha, "hivi kaka, hiki kiingilio tunalipia nini, kisiwa si cha Mungu?" Nahodha akamjibu "hili ni eneo tengefu dada" akageukia injini yake, basi ndo imeisha hiyo. Dada akatuangalia sisi wengine tukabaki tunacheka tu maana hakuna aliyekuwa na la kuongeza.

Tuanzie kwenye neno lenyewe. Tengefu inatoka kwenye kutenga, ni sehemu iliyowekwa kando isichanganyike na nyingine, kama unavyomtengea mgeni chakula, kipo humo humo jikoni ila hakiguswi. Shida ni kwamba neno hili watu wengi tumelizoea kwenye pori tengefu, na huko bara pori tengefu kwa miaka mingi lilikuwa na watu wanaishi na ng'ombe wanalisha humo humo, Loliondo ndo ilivyokuwa, kwa hiyo mtu akisikia tengefu anajua hapa mambo si makali sana. Kumbe baharini ni kinyume chake! Kwa Tanzania eneo tengefu la bahari ndo kali zaidi kuliko hata hifadhi ya bahari. Hifadhi ya bahari kama Mafia, ambayo ndo ya kwanza kutangazwa nchini mwaka 1995, ina vijiji ndani yake, watu wanazaliwa humo wanazikwa humo na wanavua pia, ila bahari imegawanywa, kuna sehemu unavua kwa masharti na kuna sehemu huruhusiwi kabisa. Eneo tengefu halina huo mgawanyo, ni hakuna kuvua, hakuna kuokota, hakuna kutoa kitu, mwanzo mpaka mwisho.

Na ukivuka mpaka ukaenda Kenya ujue maneno yanageuka tena. Wenzetu hawa wana maeneo yao tangu 1968, Malindi na Watamu, na kule kinachoitwa paki ndo hakivuliwi kabisa, halafu kinachoitwa rizavu wavuvi wa kienyeji wanaruhusiwa na zana zao za asili. Pale Shimoni ukipanda boti utaona yote mawili yamepakana, Kisite ni paki na Mpunguti ni rizavu. Kwa hiyo Mkenya akija Dar akiambiwa hapa ni "marine reserve", ndo Kiingereza cha eneo tengefu kwetu, anaweza kudhani mshipi unaruhusiwa. Usijaribu.

Kwa Dar visiwa vyenye hadhi hiyo tangu 1975 ni Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, baadaye vikaongezwa vya upande wa kusini, Sinda, Makatube na Kendwa. Msimamizi ni Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, wengi wanawaita MPRU, na sheria yao ni Namba 29 ya mwaka 1994. Sasa hapa ndo watu wengi tunapokosea, tunadhani kilichotengwa ni kisiwa, yaani ule mchanga mweupe na vibanda vya makuti. Kisiwa chenyewe ni kidogo tu, kinacholindwa hasa ni maji yanayokizunguka na matumbawe yaliyo chini yake, kwa hiyo umeshaingia eneo tengefu kabla hata hujashuka kwenye boti, na ndo maana sheria za kwanza kabisa zinamhusu nahodha, wewe baadaye.

Kubwa kuliko zote ni nanga. Matumbawe ukiyaona unadhani ni mawe lakini ni viumbe hai, yale yenye matawi yakikua sana ni kama sentimita 10 kwa mwaka, na yale ya mviringo kama vichwa yanaenda sentimita 1 hivi, sasa fikiria nanga imetua juu ya kichwa cha ukubwa wa meza. Halafu si nanga peke yake, ni ule mnyororo, boti ikizungushwa na upepo mnyororo unafagia chini duara zima. Niliwahi kuwa kwenye tripu moja, boti ya nani sisemi, kijana akatupa nanga pale pale tulipotakiwa kuogelea na miwani, tukashuka chini tunakuta vumbi jeupe na matawi yamekatika, yaani tumelipa hela kuja kuangalia kitu tulichokivunja wenyewe dakika 5 zilizopita. Kilichotakiwa ni kufunga kwenye boya kama lipo, na kama halipo basi nanga inatiwa kwenye mchanga, maji yetu siku za kaskazi yanaonyesha chini vizuri tu, rangi nyepesi ni mchanga, madoadoa meusi ni matumbawe au majani. Nahodha mzoefu hahitaji kufundishwa hilo, anayehitaji kubadilika ni abiria anayemwambia sogea sogea tusilowe.

Hapo hapo kuna ishu ya mwendo. Wanapoogelea watu boti inaingia polepole, na ikifika karibu injini inazimwa au inainuliwa, kwa sababu propela haichagui na kichwa cha mtu kwenye mawimbi huwezi kukitofautisha na kifuu. Na wewe unayeogelea usiende kwenye njia ya boti, wala usirukie majini upande wa nyuma injini ikiwa inanguruma. Jaketi la kuokolea unalivaa, hulikalii kama mto. Mafia nako wanakoenda kuogelea na papa potwe, kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi, mambo ni hayo hayo ila kwa samaki, unakaa pembeni, hugusi, humkati njia, na boti haimfukuzi.

Nikiacha boti, adabu za mgeni kwa kweli ni chache na zote zinatoka kwenye lile neno la kwanza, kutenga. Usisimame juu ya matumbawe hata kama umechoka, lala chali uelee. Usitupie samaki mkate ili waje kwenye picha. Na kile kiti cha pweza, yule kiumbe wa umbo la nyota, mnachokitoa majini mnakishika kifuani mkipiga picha, kile kinapumua majini jamani, mkikizungusha mikono 10 mkakirudisha kimechoka ndo hivyo tena. Mifuko ya plastiki kwetu imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na Kenya toka Juni 2020 hata chupa za maji za kutumia mara moja haziingii kwenye hifadhi zao, sisi bado tunaingia nazo, basi angalau tutoke nazo.

Swali ambalo huwa linaulizwa sana pale Mbudya mtu akiwa na sahani mbele yake, kama hakuvuliwi huyu changu wa kuchoma katoka wapi? Katoka nje ya mipaka. Na ndo hesabu yenyewe ilivyo, samaki akiachwa akue mkubwa anataga mayai mengi zaidi, watoto wanatawanyika na maji, wanaenda kwa wavuvi walioko nje ambao hawajui hata mpaka uko wapi.

Kuhusu mavazi, kisiwani vaa unavyoogelea, ila ukirudi pwani unapita katikati ya watu na shughuli zao, wanaanika dagaa, wengine wanatoka msikitini, jifunge kanga kaka na dada, na usimpige mtu picha bila kumsalimia.

Yule dada wa kiingilio mwisho wa siku alirudi na kimfuko cha makombe, mazuri kweli. Nahodha akamwambia "hayo yanabaki dada." Akabisha, si matupu haya, hakuna mnyama ndani. Nahodha akamwambia yamwage hapo hapo kwenye maji ya kifundoni halafu subiri kidogo. Akamwaga, tukainama wote kuangalia, kimya, na mawili kati ya yale yakaota miguu yakaanza kuondoka.